Kioo Kipya Katika Ukuta wa Kale: Urithi Ni wa Nani?

Hakuna kauli inayowanyamazisha watu upesi kuliko ile isemayo, "hivi ndivyo ilivyokuwa tangu zamani." Huitumia mzee wa ukoo asiyetaka kuulizwa kuhusu mirathi, huitumia mkuu wa idara asiyetaka kubadili utaratibu uliooza, na huitumia mtawala anayeona kila swali kuwa ni uasi. Leo sitaijadili kauli hiyo bungeni wala ofisini. Nataka tuitazame mahali inapoonekana kuwa na nguvu kuliko kwingine kote, mahali ambapo hata wapenda mabadiliko huwa wepesi kuipigia magoti: ndani ya kanisa la Zama za Kati barani Ulaya, mbele ya dirisha ambalo kioo chake cha kale kimepotea na mtu fulani amethubutu kutia kioo kipya.

Tarehe 25 Agosti 2007, katika Kanisa Kuu la Cologne nchini Ujerumani, lilizinduliwa dirisha lililobuniwa na mchoraji Gerhard Richter. Ni dirisha la bawa la kusini la kanisa hilo, na eneo lake linazidi mita za mraba 100. Halina mtakatifu, halina malaika, halina mfalme, halina hata herufi moja. Lina miraba ya kioo zaidi ya 11,000, kila mraba ukiwa na upana usiofika sentimita 10, katika rangi 72. Richter hakuipanga miraba hiyo kwa jicho lake. Nusu ya mpangilio aliiachia kura ya kompyuta, na nusu ya pili akaifanya kuwa kivuli cha ile ya kwanza, kama uso na sura yake ndani ya maji.

Askofu Mkuu wa mji huo, Kardinali Joachim Meisner, hakuhudhuria uzinduzi. Baadaye alitamka kwamba dirisha lile lingefaa zaidi msikitini au katika nyumba nyingine ya ibada, si katika kanisa lake. Kama kanisa linapata dirisha jipya, alisema, basi lioneshe waziwazi imani yake, si imani yoyote ile.

Nasema Kardinali alikosea, na kosa lake halikuwa la ladha. Kila mtu ana ladha yake, na asiyependa miraba ya rangi halazimiki kuipenda. Kosa lake lilikuwa la kisiasa: alijibu swali la nani mwenye haki ya kutia alama yake katika nyumba ya wote, na akalijibu kwa kufunga mlango. Wengi waliomuunga mkono walifanya hivyo kwa jina la urithi. Kwa hiyo na tuanze na urithi wenyewe.

Wanaolalamika kuhusu vioo vipya katika makanisa ya kale huzungumza kana kwamba kanisa lilishuka kutoka mbinguni likiwa zima, kisha wanadamu wa leo wakaja kulichafua. Historia haiwaungi mkono. Ujenzi wa Kanisa Kuu la Cologne ulianza mwaka 1248. Katika karne ya 16 ulisimama, na kwa takriban miaka 300 mnara wake wa kusini ulibaki kigutu, winchi ya mbao ikiwa imesimama juu yake kama fundi aliyekwenda kula asirudi. Mwaka 1842 mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm IV, aliweka jiwe la kuanza upya kazi hiyo, na kanisa likakamilika mwaka 1880. Ukuta wa bawa la kusini, ule ambao dirisha la Richter limo ndani yake, ni kazi ya mafundi wa karne ya 19. "Ukale" uliodaiwa kunajisiwa ulikuwa na umri wa miaka isiyofika 200.

Na dirisha lililokuwapo kabla? Lile la mwaka 1863 lilionesha watawala wa dunia hii, watu wa mataji na fimbo za enzi. Liliangamia katika Vita vya Pili vya Dunia, na michoro yake ya awali ikapotea pamoja nalo. Baada ya vita pakawekwa kioo chepesi cha kuzibia, na pengo hilo likakaa karibu miaka 60, jua la mchana likipenya bila kizuizi na kuwaumiza macho waumini. Kwa hiyo Richter hakuiondoa kazi ya Zama za Kati hata kwa ukubwa wa ukucha. Alijaza shimo lililotobolewa na mabomu.

Hata hao watu wa Zama za Kati, ambao leo wanafanywa kuwa walinzi wa kutobadilika, hawakuishi hivyo. Abati Suger wa Saint-Denis, karibu na Paris, alibomoa sehemu ya kanisa la kale lililokuwa limeheshimiwa kwa karne kadhaa, akajenga mahali pa altare pipya palipowekwa wakfu mwaka 1144, penye madirisha makubwa ya rangi ambayo mfano wake ulikuwa nadra kuonekana. Zaidi ya hayo, alijichoresha mwenyewe ndani ya kioo, akiwa amesujudu miguuni pa Bikira Maria. Kwa vipimo vya wahafidhina wa leo, Suger angeshtakiwa kwa uharibifu wa turathi. Sisi tunamwita mmoja wa waasisi wa usanifu wa Kigothi. Katika karne ya 18, mapadre wa Notre-Dame ya Paris waling'oa karibu vioo vyao vyote vya Zama za Kati, wakaacha yale madirisha makubwa ya mviringo, na kwingine wakatia kioo cheupe ili waone vizuri zaidi. Huo ulikuwa msiba, na sitautetea. Lakini unathibitisha kwamba kanisa tunaloliona leo ni mkeka uliosukwa na mikono mingi, na baadhi ya mikono hiyo ilikosea.

Wataalamu wa hifadhi wameliona jambo hili zamani. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao umekuwa msingi wa kazi ya hifadhi ya majengo ya kihistoria katika sehemu kubwa ya dunia, unataka michango halali ya vipindi vyote iheshimiwe, na unasema wazi kwamba kulifanya jengo liwe la mtindo mmoja si lengo la ukarabati. Aidha, unaelekeza kwamba kinachojaza pengo kipatane na jengo zima, lakini kiweze kutambulika kuwa ni kipya, ili ushahidi wa historia usighushiwe. Sheria hiyo ina maadili ndani yake. Anayejaza pengo la bomu kwa kioo cha kuiga cha "karne ya 14" hamheshimu babu. Anamsemea babu maneno ambayo babu hakuyasema, na anaficha kwamba bomu lilianguka.

Kosa jingine la wanaolalamika ni kwamba hawatazami. Mtu husoma habari za "miraba ya kompyuta" akaamua. Lakini kioo cha rangi si picha ya kutundika ukutani. Rangi yake haikupakwa juu kama chokaa. Kwa kawaida imo ndani ya kioo chenyewe, ikitokana na madini yaliyoyeyushwa pamoja na mchanga tanuruni: kobalti hutoa buluu, shaba hutoa kijani au nyekundu kutegemea moto ulivyotawaliwa, na dhahabu kidogo sana hutoa wekundu wa zabibu. Nuru isipopita ndani yake kioo hicho ni kitu kilichokufa. Ndiyo maana dirisha moja huwa madirisha mengi kwa siku moja. Asubuhi ni jingine, adhuhuri ni jingine, na wingu likipita mbele ya jua dirisha hubadilika ukiwa bado unalitazama.

Richter alilijua hili. Zile rangi 72 hakuzitoa hewani. Alizichagua kutokana na rangi zilizomo katika vioo vya kanisa lenyewe, vya Zama za Kati na vya karne ya 19. Maana yake ni kwamba dirisha lake linazungumza kwa msamiati wa nyumba ile, ingawa linatunga sentensi ambayo nyumba ile haikuwahi kuisikia. Mwanga wake unapoanguka sakafuni na juu ya nguzo, hauwachagui watu wa kuwaangukia. Humwangukia mwenye kusali, mtalii, mfagiaji na mwizi wa mifukoni kwa kipimo kilekile. Yule anayedai kwamba hapo hamna theolojia amesahau kwamba, katika Injili ya Mathayo, jua huwachomozea wema na waovu.

Sasa nirudi kwenye neno la msikiti, kwa sababu ndilo linaloibeba siasa yote. Msomaji wa Kiswahili, ambaye huenda amekulia katika mtaa unaosikia adhana alfajiri na kengele ya kanisa saa chache baadaye, atajiuliza: tangu lini "kufaa msikitini" kukawa aibu? Kama Kardinali alitaka tu kusema kwamba sanaa isiyo na sura za viumbe ni desturi ya Waislamu zaidi kuliko ya Wakatoliki, historia ya Ukristo wenyewe inampinga. Watawa wa shirika la Citeaux, katika karne ya 12, walikatazwa na kanuni zao kutumia vioo vya rangi na picha, wakatengeneza madirisha ya mistari na mafundo tupu ambayo hadi leo yanasifiwa kwa utulivu wake. Hakuna aliyewaambia wahamie msikitini.

Ila maneno hayasemwi ombweni. Mwaka huohuo wa 2007, mji wa Cologne ulikuwa umegawanyika juu ya mpango wa kujenga msikiti mkuu katika mtaa wa Ehrenfeld. Wafanyakazi kutoka Uturuki walikuwa wameletwa Ujerumani kwa mikataba kuanzia mwaka 1961, wakajenga viwanda na kuzaa watoto na wajukuu pale. Walipotaka nyumba ya sala inayoonekana barabarani badala ya kuswali katika majengo ya nyuma ya nyumba, waliambiwa minara yao itaharibu sura ya mji. Katika hali hiyo, kiongozi mkubwa wa dini akitamka kwamba dirisha fulani ni la kimsikiti na kwa hiyo si lake, anachora mpaka wa mji. Anawaambia raia wengine kwamba sura yao haimo katika nyumba ya pamoja na haipaswi kuonekana humo. Jawabu la mji lilikuwa bora kuliko la Kardinali: msikiti ulijengwa, na msanifu wake, Paul Böhm, anatoka katika familia mashuhuri ya wajenzi wa makanisa. Fundi mzuri hajui mpaka huo.

Wiki chache baada ya uzinduzi wa dirisha, Kardinali huyohuyo, akizungumza kwenye ufunguzi wa jumba jipya la makumbusho la jimbo lake, alisema kwamba utamaduni ukitengwa na ibada huharibika, na neno alilolitumia lilikuwa entartet. Kila Mjerumani alishtuka. Neno hilo ndilo Wanazi walilolitundika mlangoni mwaka 1937, walipofungua maonesho ya kuidhalilisha sanaa ya kisasa mjini Munich, wakawaita wachoraji wake watu waliooza. Sisemi kwamba Meisner alikuwa Mnazi. Hakuwa, na itakuwa dhuluma kumwita hivyo. Nasema kwamba anayezoea kulinda usafi wa urithi hatimaye hujikuta ameshika kamusi ya watu asiofanana nao.

Miongoni mwa wachoraji waliodhalilishwa mwaka 1937 alikuwamo Marc Chagall, Myahudi aliyezaliwa mwaka 1887 katika eneo la Vitebsk. Alikimbia Ufaransa mwaka 1941, mtego wa Wanazi ulipokaribia kufumba. Sasa nenda Mainz, safari ya saa chache tu kutoka Cologne. Kanisa la Mtakatifu Stefano, lililoanzishwa mwaka 990 na Askofu Mkuu Willigis na kujengwa upya kwa mtindo wa Kigothi karne chache baadaye, liliharibiwa vibaya na mabomu ya Vita vya Pili. Katika miaka ya 1970 padre wa kanisa hilo, Klaus Mayer, alimwandikia Chagall kumwomba atengeneze madirisha. Alikuwa anamwomba Myahudi aliyenusurika awatie nuru Wajerumani, katika nchi iliyokuwa imewaua mamilioni ya ndugu zake.

Chagall hakukubali siku ya kwanza. Lakini alikubali. Dirisha la kwanza liliwekwa mwaka 1978, mzee akiwa na umri wa miaka 91, na aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1985. Alitengeneza madirisha tisa yaliyojaa buluu, yenye Abrahamu, Musa na Daudi wakielea humo kama watu wanaoogelea ndani ya ndoto. Mwenyewe hakuwahi kuingia katika kanisa hilo. Hebu sasa simama mbele ya dirisha lile na uniambie kwamba lilipaswa kuwa nakala ya kioo cha mwaka 1300. Nakala ingesema kwamba hakuna kilichotokea. Kioo cha Chagall kinasema kilichotokea, na kinasema pia kwamba aliyefukuzwa ameombwa arudi, na yeye amerudi akiwa na zawadi mkononi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wapinzani wa vioo vipya wana hoja mbili zenye uzito.

Hoja ya kwanza ni ya mashahidi. Wazo la awali la kanisa la Cologne lilikuwa kuwaonesha mashahidi wa imani wa karne ya 20, kama Edith Stein, mtawa mzaliwa wa familia ya Kiyahudi aliyeuawa Auschwitz mwaka 1942, na Maximilian Kolbe, aliyeuawa hukohuko mwaka 1941. Je, rangi zisizo na majina si njia ya kuwakwepa? Swali hili ni la haki, na anayelipuuza hastahili kusikilizwa. Jibu langu ni kwamba kuwakumbuka ni wajibu, lakini si kila ukuta ni mahali pa kumbukumbu, na sura ya shahidi iliyochorwa bila nguvu humgeuza kuwa pambo. Mahali pale palikuwa na watawala. Sasa hapana hata mmoja. Na gharama yake, takriban euro 370,000, ililipwa na wachangiaji zaidi ya 1,000, huku Richter mwenyewe akikataa ujira. Dirisha la wafalme limekuwa dirisha la umma. Mimi naliona hilo kuwa tendo la kumbukumbu pia.

Hoja ya pili ni ya mamlaka, na hapa ninasimama upande wa wapinzani bila kusita. Mwaka 2019 Notre-Dame ya Paris iliungua. Desemba 2023, Rais Emmanuel Macron alitangaza kwamba madirisha ya vikanisa sita vya upande wa kusini yatawekewa vioo vya kisasa. Vioo vilivyokuwamo ni vya karne ya 19, vya enzi ya msanifu Viollet-le-Duc, na moto haukuvidhuru. Zaidi ya watu laki moja walitia saini kupinga. Julai 2024, tume ya taifa ya turathi na usanifu iliukataa mpango huo kwa kauli moja. Desemba mwaka huohuo, kazi ikakabidhiwa kwa mchoraji Claire Tabouret hata hivyo.

Yawezekana vioo vya Tabouret vitapendeza. Lakini hapakuwa na pengo pale. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Ukiondoa kioo kizima ili upate nafasi ya kuacha alama ya utawala wako, hufanyi kazi ya Chagall. Unafanya kazi ya wafalme wa dirisha la mwaka 1863. Na serikali inapoiuliza tume ya wataalamu kisha ikapita juu ya jibu lake, inawafundisha watumishi wa umma kwamba ushauri wao ni urembo wa mezani.

Kwa hiyo simtetei kila mwenye kioo kipya mkononi. Natetea kioo kinachojaza jeraha la kweli, kilichojifunza lugha ya nyumba kabla ya kusema neno lake, na kilichopita mbele ya macho ya watu na taasisi zao bila kuzipiga chenga. Cologne na Mainz zilitimiza hayo. Paris haikuyatimiza.

Wanafunzi watakaposikia kwamba urithi haujadiliwi, waulize urithi huo ulikamilika mwaka gani, na nani aliyeweka tofali la mwisho. Wanaharakati wakumbuke kwamba kupenda kipya si sifa. Suger na Macron wote walipenda kipya, na wote walipenda pia kuonekana. Nao watumishi wa umma, ambao siku moja watashika faili la jengo kongwe, la sheria kongwe au la desturi kongwe, wajue kwamba ofisi yao ina kazi mbili ambazo hazigombani: kuzuia mkono wa mkubwa using'oe kilicho kizima, na kufungua mlango pale palipobomoka, ili hata yule aliyefukuzwa jana aingie na kioo chake.

Waliojenga Cologne mwaka 1248 walijua kwamba hawataiona minara yake. Walipiga msingi, wakafa, wakaacha kazi kwa watu wasiowajua. Huo ndio urithi waliotuachia. Asiyetaka ukuta uguswe tena amewasaliti.